Moshi uliingia ofisini nikaganda, je mimi ni muoga?

Swali: Habari dokta. Juzi moshi uliingia ofisini kwetu, king'ora kikalia, mimi nikabaki nimekaa naikodolea kompyuta mpaka mwenzangu akanivuta mkono. Tulitoka wote salama ila tangu siku hiyo najidharau, kwa nini sikukimbia?

Jibu: Pole sana dada yangu, nashukuru mmetoka salama. Huo sio uoga kabisa. John Leach, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyechunguza sana mambo ya majanga, anakadiria kwamba balaa likitokea ghafla watu kama asilimia 10 hadi 15 tu ndo wanabaki na akili iliyotulia, hadi asilimia 75 wanapigwa na butwaa kama wewe, waliobaki wanafanya vitu vya kuzidisha hatari. Meli ya Estonia ilipozama mwaka 1994 kwenye bahari ya Baltiki wakafa watu 852, na manusura walisimulia waliwaona wenzao wamekaa tu hawasogei, meli ndo inalala ubavu hivyo.

Kinachotokea ni kwamba ubongo ukikutana na jambo jipya inabidi ulielewe kwanza, utafute njia, uchague, na hiyo kazi inafanyika sehemu ya mbele ya ubongo ambayo ni ya polepole, halafu dakika hiyo hiyo homoni za stresi zinaivuruga. Kama hakuna mpango uliokuwepo tayari basi mtu anaganda, au anashika mazoea yasiyofaa pale. Kwenye ajali za ndege imeonekana abiria wanahangaika na mkanda, vidole vinatafuta kitufe cha kubonyeza pembeni ya nyonga kama kwenye gari, kumbe mkanda wa ndege unafunguka kwa kuinua kile kibati cha juu ya tumbo. Watu wazima, wana akili zao timamu.

Lingine, tunaangaliana. Mwaka 1968 wanasaikolojia Latané na Darley wa Marekani waliweka wanafunzi chumbani wajaze fomu halafu wakaingiza moshi kupitia tundu la ukutani: waliokuwa peke yao asilimia 75 walienda kutoa taarifa, ila waliowekwa na watu wawili walioagizwa wajifanye hawajali, ni asilimia 10 tu. Sasa hebu kumbuka, dakika ile ya kwanza wenzako walikuwa wanafanya nini? Kama walibaki wamekaa, hilo nalo lilikushika kwenye kiti.

Kwa hiyo usihangaike kutafuta ujasiri, tafuta mazoezi. Shuka zile ngazi za dharura kwa miguu yako mwenyewe, sio kuangalia ramani ukutani tu, ujue mlango unasukumwa au unavutwa, na jiwekee sentensi moja fupi: king'ora kikilia, nasimama. Kusimama tu, mengine yatafuata. Na ukimkuta mtu ameganda usianze kumweleza, mwite kwa jina kwa sauti, mwambie neno moja kama "simama!", mshike mkono muondoke, yaani mwenzako alifanya kitu sahihi kabisa.

Ila kama unaota ndoto za ule moshi, unashtuka kila mlio, au unakwepa kwenda kazini, na ikapita zaidi ya mwezi, nenda kamuone mtaalamu wa ushauri nasaha uso kwa uso, hiyo inatibika.