Daftari la Jikoni na Ahadi za Wanasiasa

Mwezi wa Julai mwaka 2022, siku chache baada ya Rais Uhuru Kenyatta kutangaza kwamba pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi, iliyokuwa imepita shilingi 200, ingeuzwa kwa shilingi 100, nilichukua kikapu changu nikaenda dukani mapema kuliko kawaida. Rafu ya unga ilikuwa tupu. Mwenye duka wa mtaani kwetu hapa Mombasa, ambaye amenipimia mchele kwa kibaba tangu nilipoolewa, aliniambia kwa upole, “Mama, bei hiyo mimi pia nimeisikia redioni tu. Gari la unga halijafika.” Usiku ule tulikula muhogo badala ya sima. Baada ya kuosha vyombo nilichukua daftari la shule ambalo mwanangu hakulimaliza, nikaandika tarehe, na chini yake maneno mawili: unga, hakuna.

Tangu siku hiyo sijaacha kuandika, na ninamsihi kila anayeshughulika na jiko afanye hivyo, kwa sababu mwaka wa uchaguzi unapofika kumbukumbu zetu hutusaliti. Mwaka 2017 serikali ilitoa ruzuku, pakiti ikauzwa shilingi 90 kuanzia Mei, na uchaguzi ukafanyika Agosti. Mwaka 2022 bei ya shilingi 100 ilitangazwa wiki tatu tu kabla ya kura, na mwezi Septemba Rais William Ruto alisema katika hotuba yake ya kuapishwa kwamba ruzuku ya unga ilikuwa imemeza shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila ya kuleta nafuu. Mambo haya yote tuliyapitia sisi wenyewe, lakini ukiuliza majirani leo unga ulikuwa bei gani mwezi fulani, kila mmoja atakupa jibu lake, na anayefaidika na hali hiyo ni yule anayekuja kuomba kura.

Daftari lenyewe halihitaji ufundi. Andika siku, kitu, kipimo na bei, na usisahau kipimo, kwa kuwa bei inaweza kubaki pale pale huku ujazo wa chupa au uzito wa pakiti ukipungua. Mimi huongeza safu moja ambayo naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote, yaani tulichokula badala yake. Ukurasa wangu mmoja umeingia doa la mafuta, na chini ya doa hilo unasomeka hivi: “Mbaazi bila nazi, mara ya tatu wiki hii.” Hakuna takwimu ya serikali itakayoeleza jambo hilo, na kwa mtu wa pwani mbaazi bila tui ni habari nzito.

Faida nyingine, ambayo sikuitarajia, ni kwamba daftari lilinifundisha kupeleka lawama panapostahili. Mwaka 2022 mafuta ya kupikia yalipanda hadi nikaanza kuyanunua kwa vipimo vidogo. Nilikuwa nikimlaumu kila kiongozi niliyemwona kwenye runinga, mpaka nilipofahamu kwamba mafuta yetu mengi hutokana na mawese yanayoagizwa kutoka nje, na kwamba Indonesia ilikuwa imezuia kuyauza nje kuanzia mwisho wa Aprili hadi Mei mwaka huo. Jambo hilo Nairobi haikuwa na uwezo nalo. Ushuru unaotozwa mafuta hayo yanapoingia bandarini, hata hivyo, huamuliwa na watu tunaoweza kuwauliza. Vivyo hivyo, masoko na leseni za biashara ni kazi ya kaunti, kwa hiyo mama wa mboga anayelalamikia ada ya kibanda akamweleze mwakilishi wa wadi, wala asimsubiri mgombea urais apite na msafara.

Nililiona daftari likifanya kazi mwezi Mei mwaka 2024, wakati Mswada wa Fedha ulipopendekeza kodi ya asilimia 16 kwenye mkate. Nyumbani kwetu tunanunua boflo mbili kwa siku, za gramu 400, na wakati huo kila moja ilikuwa shilingi 65. Nilikaa mezani na kalamu nikapata kwamba kodi hiyo ingetugharimu zaidi ya shilingi 600 kwa mwezi. Kwa kuwa Katiba yetu, kifungu cha 118, inalitaka Bunge lishirikishe wananchi, niliandika barua fupi yenye hesabu hiyo, nikataja matumizi yetu ya miezi mitatu, nikaipeleka kwa karani wa Bunge kama tangazo lilivyoelekeza. Sikuandika matusi wala nasaha. Nawashauri nanyi mfanye hivyo hivyo, kwa maana malalamiko ya jumla hujibiwa kwa maneno ya jumla, ilhali hesabu ya nyumba moja humlazimu msomaji aikubali au aikanushe.

Tarehe 18 Juni pendekezo la kodi ya mkate liliondolewa, na baada ya maandamano ya tarehe 25, ambamo vijana walipoteza maisha yao, Rais alikataa kuutia saini mswada mzima, ukarudishwa Bungeni. Barua yangu ilikuwa moja kati ya nyingi, na waliolipa gharama kubwa ni wale vijana. Nikilifungua daftari kwenye kurasa za mwezi huo moyo huniuma.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti mwaka 2027. Wagombea watakapofika mtaani kwetu nitakuwa nimeketi mbele, daftari likiwa mapajani, na swali la kwanza nimekwisha kuliandika nyuma ya jalada: bei unayotuahidi itadumu hadi mwezi gani baada ya kura, na fedha zake zitatoka wapi?