Maswali ya Wasomaji: Mgahawa Mdogo wa Familia, Vyakula Mia

Barua tulizozichagua mwezi huu zimetoka Kigoma na Tabora, na zote zinahusu migahawa midogo ya familia inayopika chakula cha Kivietnamu na cha Kichina kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Tumezipunguza urefu bila kubadili maana.

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni mama mkazi wa Mwanga, Kigoma. Binti yangu ni muuguzi London, na mwezi ujao mimi na baba yake tunakwenda kumtembelea kwa mara ya kwanza. Ametuahidi kutupeleka katika mgahawa mdogo wa mume na mke wa Kivietnamu na watoto wao, ambako yeye na wenzake hula wanapotoka zamu kwa sababu ni nafuu. Amenitumia kwa simu picha ya orodha ya vyakula: ni zaidi ya mia moja, vingine vya Kivietnamu, vingine vya Kichina. Baba yake anasema kwamba mahali panapouza vitu mia kwa bei rahisi hapana hata kimoja kilicho kizuri. Je, wasiwasi wake ni wa kweli? Na tuagize nini, sisi tusiokula nyama isiyoiva?

JIBU: Mama yangu, shikamoo, na baba naye mfikishie salamu zangu. Wasiwasi wake ni wa mtu mwenye busara, ila katika jambo hili anaidhulumu familia ya watu.

Tuanze na hizo nchi mbili, kwa maana ndizo zinazowafanya wageni wengi wadhani kwamba mwenye mgahawa hajui apike nini. Kaskazini mwa Vietnam palikuwa chini ya utawala wa China kwa zaidi ya miaka elfu moja, hadi mwaka 938, na hiyo ndiyo sababu Wavietnamu nao hula kwa vijiti. Karne nyingi baadaye wafanyabiashara na vibarua kutoka kusini mwa China walihamia Vietnam kwa wingi, wakaujenga mtaa wa Chợ Lớn ambao leo umo ndani ya jiji la Ho Chi Minh. Vita vilipokwisha mwaka 1975, na zaidi mwaka 1978 na 1979 wakati uhusiano wa nchi hizo ulipoharibika kabisa, watu wengi wenye asili ya Kichina waliondoka Vietnam, wengi wao kwa mashua, na sehemu kubwa ya wale waliopokelewa Uingereza kupitia kambi za Hong Kong walikuwa wa kundi hilo. Wengi walifanya makazi Hackney, mashariki mwa London, na barabara ya Kingsland Road mpaka sasa inajulikana kwa migahawa yao. Kwa familia yenye historia kama hiyo, supu ya Hanoi na tambi za kukaanga za Kikantoni, yaani za upande wa Guangzhou kusini mwa China, vimepikwa jiko moja tangu zamani za bibi yao. Isitoshe, Mwingereza alikuwa ameshazoea chakula cha Kichina kabla hajakijua cha Kivietnamu, na mfanyabiashara hamfukuzi mteja kwa kumnyima anachokijua.

Sasa tuje kwenye orodha yenyewe. Mwombeni baba aitazame picha hiyo tena, na ataona kwamba vyakula vinajirudia. Chukua ng'ombe, kuku, nguruwe, bata, kamba na tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa). Kila kimoja kiweke katika michuzi sita. Kisha kila mchuzi upakuliwe na wali, na tambi za mchele au na tambi za ngano. Sita mara sita mara tatu ni 108, na jikoni hakujaongezeka hata sufuria moja. Urefu wa orodha hauonyeshi uvivu wala ulaghai, ila pia hauonyeshi kile ambacho familia hiyo inakipika vizuri kuliko vingine, na hilo ndilo la kutafuta.

Ushauri wangu ni mmoja, nao haujanitupa mpaka leo: agizeni kilichokaa jikoni tangu alfajiri, si kile kinachokaangwa kwa dakika tatu baada ya ninyi kuketi. Katika mgahawa wa Kivietnamu kitu hicho kwa kawaida ni supu iitwayo phở, iliyoanzia kaskazini mwa Vietnam mwanzoni mwa karne iliyopita. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa kwanza kwa muda mfupi na maji yale humwagwa pamoja na povu lake. Kisha mifupa hiyo huanza upya katika maji safi, kwa moto mdogo, saa sita, saa nane, hata kumi na mbili. Tangawizi na vitunguu huunguzwa juu ya moto mpaka ganda liwe jeusi kabla ya kutiwa, na pamoja navyo huingia mdalasini, karafuu, iliki nyeusi na kile kiungo chenye umbo la nyota ambacho ndicho kinachoipa supu hiyo harufu yake. Mwishoni hukolezwa kwa mchuzi wa samaki, yaani maji yanayochujwa kutoka kwa samaki wadogo waliolazwa katika chumvi kwa miezi mingi. Supu ikiwa safi, utaliona bakuli mpaka chini, na bado itakuwa na ladha nzito. Ikiwa na ukungu na tamu kama sukari, basi baba ameshinda, na safari nyingine binti atafute pengine.

Bei rahisi nayo inajieleza hapo hapo. Mifupa ni rahisi, nyama hukatwa nyembamba kiasi kwamba kipande kidogo huwatosha wengi, wali na tambi hazina gharama kubwa, na mteja hamalizi saa nzima mezani. Kinachobaki ni kazi, na kazi hiyo hufanywa na mke, mume, shangazi, na mtoto anayefanya hesabu za shule kwenye meza ya mwisho. (Ndiyo maana mimi binafsi huona haya ninapomsikia mtu akiomba apunguziwe bei mahali kama hapo.)

Kuhusu nyama isiyoiva: phở huja kwa namna mbili kuu. Ile iliyoandikwa tái huwekewa vipande vyembamba vya nyama mbichi ambavyo huiva kwa moto wa supu yenyewe ndani ya bakuli. Ile iliyoandikwa chín ina nyama iliyopikwa tayari. Ninyi agizeni chín, au phở gà ambayo ni ya kuku. Pembeni huenda mkaletewa sahani ya majani mabichi ya kunukia, chipukizi za choroko, ndimu na pilipili. Onjeni supu kwanza, ndipo mkamue ndimu, na majani myachane kwa mikono na kuyatumbukiza kidogo kidogo.

Baba akisema hakushiba bila wali, mwagizieni cơm tấm. Ni chenga za mchele, zilezile ambazo kwetu huuzwa kwa bei ya chini sokoni, lakini kusini mwa Vietnam zimekuwa chakula cha heshima: hupikwa zikawa laini na kupakuliwa pamoja na nyama ya kuchoma, kachumbari ya siki na yai. Nyama hiyo mara nyingi ni ya nguruwe, lakini kuku hupatikana pia.

Mkiwa watatu jioni, msiagize kila mtu sahani yake. Chagueni vyakula vitatu vinavyotofautiana, kimoja cha mchuzi, kimoja cha kukaanga na kimoja cha mboga za majani, viwekwe katikati, na kila mmoja awe na bakuli lake la wali. Na kabla ya kuchagua chochote, binti amuulize anayewahudumia nyumba yao imekula nini leo. Hapo Mwanga hakuna mtu mwenye akili anayekwenda kwa mama aliyeamka usiku kuunga migebuka kwa mawese, kisha akamwagiza chipsi mayai.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mfanyabiashara wa vitambaa, Ujiji, na hununua mzigo Guangzhou. Jioni huwa natafuta mgahawa mdogo wa bei nafuu, wa Kichina au wa Kivietnamu. Tatizo langu ni nguruwe. Huuliza kama chakula kina nyama, huambiwa hakina, kisha nakuta vipande vidogo ndani. Wananidanganya?

JIBU: Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Sidhani kama wanakudanganya. Naona swali lako ndilo linalokuponza. Kwa wapishi wengi wa Kichina, nyama ya kusaga kidogo iliyotiwa katika mboga ili kuongeza ladha haikifanyi chakula kuwa cha nyama. Tena, katika orodha ya Kichina, neno nyama likiandikwa peke yake bila jina la mnyama, kwa kawaida maana yake ni nguruwe. Usiulize kuhusu nyama. Uliza kuhusu nguruwe kwa jina lake, na uwe nalo limeandikwa kwa Kichina kwenye simu yako.

Hata hivyo vipande ndivyo vilivyo rahisi kuonekana. Vigumu ni visivyoonekana. Mboga huweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, supu ya tambi huweza kuwa ya mifupa yake, mchuzi huweza kutiwa mvinyo wa mchele, na karai huwa ni lilelile kwa kila mteja. Kwa Wavietnamu, zile roli za karatasi ya mchele zisizokaangwa, gỏi cuốn, kwa kawaida hufungwa kamba pamoja na nguruwe, na zile za kukaanga huwa na nguruwe wa kusaga. Ukiona heo au lợn katika jina la chakula, kiache. Mchuzi wa samaki kwa asili ni samaki na chumvi. Ukiona neno chay, hicho ni chakula kisicho na nyama wala samaki, kwa kuwa Wabudha wengi wa Vietnam hujizuia na nyama siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi mwandamo, na migahawa mingi hujua kukipika.

Lakini kwa Guangzhou sioni sababu ya kujitesa kwa maswali hayo yote. Jiji hilo lina msikiti wa Huaisheng, mmoja wa misikiti ya kale kabisa nchini China, na lina migahawa midogo mingi ya familia za Wahui, Waislamu wa kaskazini magharibi, kutoka Gansu na Qinghai. Utaitambua kwa kibao chake, mara nyingi cha kijani, chenye maneno ya Kichina 清真 (qingzhen) ya kuonyesha kwamba chakula ni halali; maandishi ya Kiarabu yaliyokuwepo zamani yameondolewa katika sehemu nyingi. Humo tambi huvutwa kwa mikono mbele yako, hutiwa katika supu ya ng'ombe, na bei yake ni ya mtu wa kazi. Hukumu ya kula katika karai lililochanganya si kazi ya safu hii. Hilo mpelekee shehe wako.

SWALI: Mimi ni mwalimu, Tabora mjini. Nimesikia kwamba chakula cha migahawa ya Kichina hutiwa unga mweupe unaoumiza kichwa. Nina shinikizo la damu. Nikiepuke?

JIBU: Mwalimu, unga huo ni monosodiamu glutameti, na aliyeutenga ni mkemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, mwaka 1908, kutoka katika mwani wa kupikia supu. Glutameti hiyo hiyo imo kwa asili katika nyanya, katika samaki waliokaushwa na katika uyoga mnaoufurahia huko Tabora mvua zinapoanza. Habari za kuumiza kichwa zilianza na barua ya daktari mmoja iliyochapishwa katika jarida la kitabibu la Marekani mwaka 1968, na majaribio yaliyofuata, ambayo mlaji hakujua kama amepewa unga huo au la, hayakuonyesha madhara hayo kwa uthabiti.

Kwa shinikizo la damu, ogopa chumvi. Mchuzi wa soya, mchuzi wa samaki na supu yenyewe vina chumvi nyingi mno, ilhali unga unaouogopa una sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha shinikizo, takriban theluthi moja ya ile iliyomo katika chumvi ya mezani. Kula tambi, nyama na majani, supu iache nusu, na kibakuli cha mchuzi wa soya kisogeze mbali. Hakuna atakayekasirika.

SWALI: Ni kijana wa Kigoma mjini. Rafiki yangu Mchina ameniomba nikutane na wazazi wake kwa chakula, Dar es Salaam, katika mgahawa wa ndugu zao. Sijui kutumia vijiti. Nifanye nini nisiaibike, na nani alipe?

JIBU: Kijana wangu, omba kijiko bila kujitetea, kipo, maana supu huliwa kwa kijiko. Ukitaka kujaribu vijiti, kimoja kitulie juu ya kidole cha pete, kingine kishikwe kama kalamu, na hicho cha juu tu ndicho kitembee. Bakuli la wali linyanyue mpaka karibu na mdomo. Kwao hilo ni adabu, na ndilo linalookoa wali usimwagike. Kosa moja ndilo usilifanye: usivisimamishe vijiti katikati ya wali, kwa kuwa hivyo ndivyo vijiti vya ubani vinavyosimamishwa mbele ya maiti, na mama mzazi atashtuka hata kama hatasema neno.

Subiri wakubwa waanze. Mwenyeji akikuwekea kipande katika bakuli lako, amekuheshimu, kile. Punje za wali usizibakize ovyo. Akikumiminia chai, nawe mmiminie baba na mama yake kabla ya kujimiminia.

Aliyealika ndiye anayelipa. Jitolee kulipa mara moja au mbili, kwa sauti ya kusikika, kisha acha. Ukishindana zaidi ya hapo utamnyang'anya mzee heshima yake mbele ya ndugu zake wenye mgahawa. Unaweza kwenda na matunda kama zawadi, nayo mkabidhi mama kwa mikono miwili.