Hawajaniona nikilia

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu alifariki miezi mitatu iliyopita kwenye ajali ya basi iliyotangazwa nchi nzima. Viongozi walifika, kamera zikajaa chini ya turubai, na picha za ajali bado zinazunguka WhatsApp. Sasa mtaani wanasema sikulia. Shemeji anataka nizungumze kwenye ibada ya kumbukumbu. Mimi hulia nikiwa peke yangu shambani Hombolo, kwenye zabibu alizopanda. Hata wanangu hawajui. Nina kasoro? Mjane, Nkuhungu.*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Huna kasoro. Hao wanaohesabu machozi walikuja na simu mkononi. Ungegaragara wangekurekodi, kisha waseme unaigiza. (Na mwenye ulimi huo mara nyingi ndiye wa kwanza kuulizia ubwabwa.)

Dodoma yetu inaijua misiba ya namna hii. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni kule Igandu ikagonga ya mizigo, wakafa zaidi ya watu 200. Taifa zima liliomboleza, kisha watu wakarudi kazini. Waliofiwa hawakumaliza siku ileile. Nawe usifuate ratiba ya watu.

Kwenye ibada, usizungumze. Mwambie shemeji mapema, kabla jina lako halijachapwa kwenye ratiba: "Shemeji, utasema wewe kwa niaba ya familia, mimi nitakaa na watoto." Naye kafiwa na ndugu yake, huenda kuongea kunamtua mzigo. Waandishi wakipiga simu, wape namba yake.

Picha usizinyamazie. Mpe kijana mmoja wa familia kazi ya kuwafuata maadmini wa magrupu wazifute, na wewe jitoe kwenye grupu lolote linalozirusha. Anayegoma na mnamfahamu, mfuateni na mwenyekiti wa mtaa.

Ila kwa watoto hapo sikubaliani nawe. Majirani hawakudai kitu, watoto ndio wanaokudai. Wakikuona mkavu kila siku watadhani baba hatajwi tena humo ndani, nao watajifunza kulia chooni. Nenda nao Hombolo Jumamosi moja. Machozi yakija, yaje wakiwepo. Mkubwa akiuliza kuhusu ajali, mjibu unachokijua, asije akakisoma kwenye simu ya mwenzake.

Shemeji akikasirika, niandikie tena.