Volontia wa wiki tatu usimpe mgonjwa aliyeugua miaka mitatu

Vyuo vikifunga, Julai hadi Oktoba, simu yangu haipoi. "Dada shikamoo, naweza kuja kujitolea?" Nasimamia kikundi kidogo cha kuhudumia wagonjwa majumbani huku Mbagala. Zamani niliwapokea wote, kila mmoja nikamgawia wagonjwa wake wa kutembelea.

Kuna binti alikuja kwa wiki tatu. Mchangamfu, saa mbili haijafika yeye ameshafika. Nikampa bibi mmoja aliyepooza upande wa kulia. Akawa anamsuka, anamsomea meseji za wanawe, na siku moja akamwambia, "Bibi, nitakutafutia kiti cha magurudumu." Likizo ikaisha, akarudi chuoni Dodoma.

Nilipokwenda mimi, nikakuta ndoo za maji zimetolewa mlangoni, zimepangwa juani. Bibi ndiye aliyewaagiza wajukuu, kiti kikija kipate pa kupita. Miezi miwili zilikaa pale. Kila nikifika, ananitazama mikononi kwanza, ndipo anaitikia salamu.

Sikumlaumu binti. Kosa lilikuwa langu.

Siku hizi wa muda mfupi nampa kazi yenye mwisho: kuhesabu stoo, kutenga dawa na glavu zinazokaribia kuisha muda, kuandaa siku ya kupima presha pale ofisi ya serikali ya mtaa. Wa wiki tatu nampa kazi ya wiki mbili, maana wiki moja italiwa na mvua, foleni na misiba.

Nyumbani kwa mgonjwa haendi peke yake. Anafuatana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye mtaa unamjua, na akiombwa chochote jibu ni moja tu: "Nitamuuliza dada." Daftari la wagonjwa hagusi, picha hapigi. Tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, habari za afya ya mtu si za kuchezea, lakini hata bila sheria, uswahilini kwetu mtu akijulikana anatumia ARV, mwenye nyumba anaweza kumtafutia sababu ya kumtoa.

Halafu nauli. Mpe asubuhi, mkononi, usingoje Ijumaa. Kijana anatoka Kimara na mwendokasi hadi Gerezani, aunganishe tena kuja huku, na kurudi hivyo hivyo. Ukiona volontia anaanza "kuumwa tumbo" kila Jumatano, usikimbilie kusema vijana wa siku hizi wavivu. Hesabu nauli.

Wageni kutoka nje waulizie Uhamiaji mapema kabla hawajakata tiketi. Viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya bure.

Na siku ya kwanza kabisa, mbele ya mgonjwa, volontia ataje siku yake ya kuondoka. Bibi yule sasa huwauliza mwenyewe kabla hawajaketi: "Na wewe unaondoka lini?"