Siti gani ya ndege ni salama zaidi?

Mkuu umeuliza ukae mbele, katikati au nyuma ili ikitokea ajali upone. Hamna siti ya uhakika, inategemea ndege imeangukaje. Wengi watakwambia nyuma, na kweli Desemba 2024 ile ya Jeju Air kule Korea Kusini waliopona ni wahudumu wawili tu, wote walikuwa mkiani. Ila sasa cheki Air India ya Juni 2025, ndani ya ndege katoka hai mmoja, siti 11A, wala sio ya nyuma, pembeni ya mlango wa dharura. Hapo utashika lipi?

Mi huwa naangalia mlango, basi. Mara nyingi watu wanapona kishindo chenyewe halafu moshi ndo unawamaliza, kwa hiyo nachukua siti ya korido karibu na mlango, na nikishakaa tu nahesabu migongo ya siti mpaka mlangoni, mbele na nyuma, maana kwenye moshi huoni kitu unapapasa tu (jirani aliwahi kuniuliza kama nimepoteza kitu 😂). Na begi achana nalo kabisa wakati wa kutoka. Uwanja wa Haneda, Tokyo, Januari 2024 ndege ya Japan Airlines iliwaka moto, watu waliacha mabegi na wote 379 waliokuwa ndani wakatoka.

Halafu mkanda usifungue ovyo hata taa ya mkanda ikizimwa, ndege ikitikisika ghafla wanaorushwa kwenye dari ni wale hawajafunga, na hapo siti namba ngapi haina kazi.