Jibu la msomaji: Shujaa wangu ni Dk. Temperance Brennan

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza ni mpelelezi yupi wa hadithi au tamthilia tunayemwona bora kuliko wote, na ni jambo gani kwake ambalo watunzi wa Kiswahili wangefaa kuliiga. Bila shaka wengi watamtaja Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla au Willy Gamba wa Elvis Musiba, na sina ugomvi nao, kwa kuwa hao ndio waliotufundisha kukesha na kitabu. Mimi namchagua mwanamke ambaye si askari wala jasusi: Dk. Temperance Brennan wa tamthilia ya Marekani iitwayo Bones, iliyorushwa na televisheni ya Fox kuanzia Septemba 2005 hadi Machi 2017, misimu 12 yenye vipindi 246. Yeye ni mwanaanthropolojia wa uchunguzi wa jinai. Kazi yake ni kuisoma mifupa ya binadamu pale ambapo mwili umeoza, umeungua au umesagika kiasi kwamba uchunguzi wa kawaida wa maiti hauwezi tena kusaidia.

Brennan ni mtu wa vituko. Nyimbo na filamu ambazo kila mtu anazijua yeye hazijui, na mwenzake, Seeley Booth wa FBI, anapomtajia mojawapo, humjibu kwa utulivu kwamba hajui maana yake. Husema mbele za watu kwamba yeye ndiye bingwa wa fani yake, na hashangai hata kidogo wanapochukia, kwa kuwa kwake hiyo ni taarifa tu. Watunzi wengi wa visa vya upelelezi humvika shujaa wao vituko kama pambo, na ukimvua hubaki mtu yule yule uliyemsoma katika visa vingine kumi. Kwa Brennan, kituko na kazi ni kitu kimoja. Akiitwa porini kuangalia mabaki, Booth hutaka kujua papo hapo aliyeuawa ni nani na alikuwa na ugomvi na nani. Yeye atasema ni mwanamke, atataja makadirio ya umri wake, kisha atanyamaza, kwa sababu hajaona kingine, na kubahatisha hakubali hata akibembelezwa.

Inafaa kueleza anachokitazama, kwa kuwa hapo ndipo tamthilia hii inapoikaribia sayansi ya kweli. Huanza na nyonga. Pembe iliyo chini ya mahali ambapo mifupa miwili ya nyonga hukutana kwa mbele huwa pana kwa mwanamke na nyembamba kwa mwanamume. Fuvu nalo husaidia, lakini nyonga ndiyo hutegemewa zaidi. Kisha huja umri. Mifupa mirefu ya mtoto ina ncha zilizotenganishwa na shina kwa gegedu, yaani tishu laini kuliko mfupa, na ncha hizo huungana na shina kwa utaratibu unaojulikana. Miongoni mwa za mwisho kabisa ni ile ya mtulinga, mfupa unaounganisha bega na kidari, iliyo upande wa kidari, ambayo haimalizi kuungana mpaka mtu awe katika miaka ya ishirini na kitu. Baada ya hapo mifupa haikui tena, huchakaa tu, na ndiyo maana mtaalamu mwaminifu hatasema marehemu alikuwa na miaka 43. Atasema alikuwa kati ya 35 na 50, hata kama polisi wamekunja uso. Kimo nacho hukadiriwa kwa urefu wa fupa la paja, na kila mara hutajwa pamoja na kiasi kinachoweza kukosewa.

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni majeraha. Mfupa wa mtu aliye hai una unyevu na protini inayouwezesha kupinda kidogo, kwa hiyo ukipigwa huvunjika kama kijiti kibichi, kwa kingo kali za mshazari. Mfupa uliokauka ardhini kwa miaka mingi hukatika kwa kingo zilizoparuza, na mahali palipokatika huwa peupe kuliko uso wa mfupa ulioshika rangi ya udongo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha pigo la muuaji na jembe la aliyefukua kaburi. Hata hapo kuna mpaka. Ubichi wa mfupa hauondoki siku ile ile mtu anapokufa, na kwa sababu hiyo mtaalamu huandika kwamba jeraha lilipatikana wakati wa kifo au karibu nacho, na si lazima aweze kuapa kwamba hilo ndilo lililoua.

Brennan hakutungwa kutoka hewani. Muumba wake, Kathy Reichs, ni mwanaanthropolojia wa jinai aliyefanya kazi Carolina Kaskazini na katika maabara ya uchunguzi wa jinai ya jimbo la Quebec, Kanada, na riwaya yake ya kwanza yenye Brennan ilitoka mwaka 1997. Katika riwaya Brennan ni mama mtu mzima mwenye binti, ambaye ndoa yake ilivunjika na ambaye amepambana na pombe mpaka akaiacha. Televisheni ndiyo iliyomfanya kijana na kumwongezea vituko. Ndani ya tamthilia, Brennan naye ni mwandishi wa riwaya, na shujaa wa riwaya zake anaitwa Kathy Reichs.

Jambo ambalo wasomaji wengi wa huku kwetu huenda hawalijui ni kwamba Reichs aliwahi kutoa ushahidi Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilikuwa ikimsikiliza Georges Rutaganda, makamu wa pili wa rais wa Interahamwe, kundi la wanamgambo walioshiriki mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na upande wa mashtaka ulikuwa umeleta matokeo ya ufukuaji wa makaburi yaliyokuwa karibu na gereji ya Amgar mjini Kigali. Reichs aliitwa na upande wa utetezi kama mtaalamu, aipime kazi ya mwenzake aliyefukua. Katika hukumu ya tarehe 6 Desemba 1999, majaji walieleza kwamba, kutokana na ushahidi wake, hawakuridhika kuwa njia ya kisayansi iliyotumika ilitosha kuwafanya wayategemee matokeo yale. Wakayaweka kando. Rutaganda hakunusurika kwa hilo: mashahidi waliofika mahakamani na kusimulia waliyoyaona walitosha, naye akatiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na kwa makosa dhidi ya binadamu, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Wapo watakaouliza mtu anawezaje kuitikia wito wa utetezi katika kesi kama ile. Mimi naamini kwamba waliouawa Kigali walistahili ushahidi usioweza kutikiswa na wakili yeyote, na ushahidi wa namna hiyo haupatikani mpaka mtu mmoja mkaidi aukague bila kujali ni nani atakayefurahi. Brennan wa televisheni ana ukaidi huo huo, na bila huo vituko vyake visingenivutia.

Tamthilia yenyewe humsaliti mara nyingi, na hili lazima lisemwe. Rafiki yake Angela ana mtambo unaochora hewani jinsi mtu alivyopigwa na kuanguka, kana kwamba mifupa ilipiga picha. Mtaalamu wa mifupa anashika bastola na kuwakimbiza washukiwa. Baya zaidi ni majibu ya vinasaba, ambayo hurudi kabla ya mapumziko ya matangazo. Sisi tumeuona ukweli huko Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, kulikogunduliwa makaburi ya wafuasi wa mhubiri mmoja: ufukuaji ulianza Aprili 2023, ikapatikana miili zaidi ya 400, na familia za kwanza zilikabidhiwa ndugu zao Malindi Machi 2024, baada ya vinasaba kulinganishwa. Karibu mwaka mzima ulipita. Mtazamaji aliyezoea dakika arobaini huona ucheleweshaji ule ni uzembe, kumbe sampuli zilizotoka katika miili iliyooza hazina njia ya mkato.

Wengine humlaumu Brennan kwamba hana moyo. Nawaomba warudie mwisho wa msimu wa kwanza. Maabara yake ina ghala la mifupa isiyojulikana ni ya nani, masanduku kwa masanduku, naye huyafungua moja baada ya jingine bila kuombwa na mtu. Katika mojawapo Angela anachora uso kutokana na fuvu, na Brennan anatambua kwamba ni mama yake, aliyetoweka pamoja na baba yake yeye akiwa na miaka 15. Anaumia, tena sana, lakini hayo hayamfanyi asome kwenye mifupa ile jambo ambalo halipo.

Kuhusu nusu ya pili ya swali lenu, ningewaomba watunzi wetu waache mtambo wa Angela na bastola, wachukue kizimba cha shahidi. Nchini Tanzania vielelezo hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kila siku, na wataalamu wake huitwa mahakamani kueleza walichokipima; humo mna riwaya nyingi ambazo bado hazijaandikwa. Mpeni shujaa wenu vituko vyote mnavyovitaka, mradi kilele cha kisa kiwe pale wakili anapomshinikiza aseme ana hakika, naye akatae kwenda hata hatua moja mbele ya vipimo vyake, hali ndugu wa marehemu wamekaa kwenye mabenchi wakimsikiliza. Na katika kila kitabu kibaki walau kisa kimoja ambacho hakupata jibu lake.