Mbio za Wilma Rudolph zilianzia mikononi mwa ndugu zake

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto riadha katika shule ya msingi, na swali ninaloulizwa zaidi na wazazi wasio na uwezo ni hili: nani atamfadhili mwanangu? Siku hizi, kabla ya kujibu, huwasimulia habari za Wilma Rudolph, mkimbiaji wa Marekani aliyeshinda dhahabu tatu katika Olimpiki moja.

Wilma alizaliwa njiti mwaka 1940 karibu na mji wa Clarksville, jimbo la Tennessee, Marekani, akiwa mtoto wa 20 kati ya watoto 22 wa baba yake, aliyebeba mizigo ya abiria kwenye reli. Mama yake, Blanche, alifanya kazi za ndani katika nyumba za Wazungu. Polio ilipoudhoofisha mguu wake wa kushoto akiwa bado mdogo, na kwa kuwa mjini kwao huduma za tiba kwa watu weusi zilikuwa haba mno, mama huyo alimpeleka kila wiki hadi Chuo cha Tiba cha Meharry huko Nashville, umbali wa kilomita 80 hivi. Nyumbani, ndugu zake walipokezana kuukanda mguu huo mara nne kwa siku. Alivaa chuma cha kuutegemeza mguu kwa miaka kadhaa, na alipokaribia umri wa miaka 12 alikuwa akitembea bila hicho chuma.

Hapo ndipo huwaomba wazazi watafakari, kwa maana kazi ile ya kukanda ilihitaji watu waliokubali kurudia jambo lile lile kila siku, ingawa matokeo hayakuonekana upesi. Niliwahi kuwa na mwanafunzi wa kike mwenye mbio kuliko wavulana wa darasa lake, lakini alifika uwanjani akiwa hoi kwa sababu ya kuchota maji na kulea wadogo zake. Tulipoketi na shangazi yake na kaka zake wakagawana zamu za kazi hizo, alianza kumaliza mazoezi, na viatu vyake vilikuwa vilevile. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuzipanga upya kazi za nyumbani kabla ya kumtafuta mfadhili.

Jambo la pili ni kocha. Ed Temple wa Chuo Kikuu cha Tennessee State alimwona Wilma akicheza mpira wa kikapu shuleni, akamwalika kwenye mazoezi yake. Wakimbiaji wa Temple hawakupewa ufadhili wa michezo. Walifanya kazi chuoni ili kugharimia masomo, naye alisisitiza kwamba wahitimu masomo yao. Mzazi, mchague kocha anayeulizia maendeleo ya darasani.

Mwaka 1956, akiwa na miaka 16, Wilma alipata medali ya shaba ya kupokezana vijiti katika Olimpiki ya Melbourne. Mwaka 1960 mjini Roma alishinda dhahabu katika mita 100, mita 200 na mita 100 mara nne kupokezana vijiti, akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kutwaa dhahabu tatu za riadha katika Olimpiki moja.

Hata hivyo, ushindi haukuuondoa ubaguzi. Clarksville ilipotaka kumpokea, alikataa sherehe yoyote ya kuwatenga watu weusi na Wazungu, na mji ukalazimika kuwakusanya pamoja. Hata baada ya hapo, mwaka 1963, aliandamana mjini humo kwa sababu mgahawa uliendelea kuwakatalia weusi. Ndiyo maana siwashauri wazazi kumwambia mtoto anayedharauliwa kwa rangi, kabila au umaskini wake kwamba akishinda watamheshimu, kwani huko ni kumtwika mzigo wa watu wazima. Andikeni kilichosemwa, nani alikisema na lini, kisha nendeni wazazi wawili au watatu kwa mwalimu mkuu, na mtoto abaki mazoezini wakati ninyi mkilishughulikia jambo hilo.